Ile Ngo-Ngo-Ngo ni ya Nani?

Vidole kumi vilikuwa hewani, kamera nne zilikuwa zinamtazama, na mtu mzima aliyepiga piano kwa miaka ishirini na sita hakujua aanzie wapi. Hapo ndipo tulipomwacha Mtaalamu wiki iliyopita. Wengine wenu mmemwandikia mhariri mkitaka kujua kama alizimia. Hakuzimia. Ingekuwa nafuu angezimia.

Alipiga.

Alipiga ile ngo-ngo-ngo inayojulikana na kila mwenye masikio, ile inayofungua wimbo ambao kwa miezi mitatu umekuwa ukitoka madukani, saluni, kwenye simu za watu na madirisha ya jirani. Watoto wanaigonga kwenye madawati mpaka walimu wanawatoa nje. Wimbo una maneno yake, lakini maneno hakuna anayeyajali. Watu wanasubiri ngo-ngo-ngo, kisha kimya, kisha sauti mbili zinazotua pamoja, kisha ile ya chini na mwenzake wa juu, basi roho zao zinatulia.

Kwa mkono wa Mtaalamu haikutoka hivyo. Ngo ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili alishindwa kujizuia, akaipachika kidogo pembeni. Ya tatu ilikuja na jamaa zake wanne wa jazi, na kimya kile kinachongojewa na watu wote hakikuwepo kabisa, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umeshaondoka na safari zake.

Mwandishi mmoja wa mstari wa mbele alimuuliza jirani yake kama huo ni wimbo mwingine. Hakuuliza kwa sauti ya chini.

Mtaalamu alirudia. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi, na ya tatu sitaki hata kuisimulia. Jasho jembamba lilimtoka mpaka kola ikalowa. Ndipo Injinia, yule mrekodi wa studio mwenye kitambi na miwani ya kuning'iniza, aliposogea taratibu ukutani, akaukanyaga waya mkubwa ukachomoka, taa zote zikazimika. Akatangaza kwa uso mkavu kwamba umeme umeleta matatizo, wageni watusamehe, turudi kesho saa nne asubuhi.

Kwa mgeni aliyelikuta gazeti hili kwa kinyozi, nieleze haraka. Mtaalamu ni jina la utani alilopewa na wanamuziki wenzake, nusu sifa, nusu kejeli. Ni mpiga piano wa jazi. Ana nyimbo tisa zake mwenyewe, hazina maneno, na kwa miaka kumi na moja amezungusha nyimbo hizo kwenye kila kampuni ya kurekodi bila kupata hata mtu mmoja wa kuzisikiliza mpaka mwisho. Kampuni moja ikamwambia, tutolee kwanza kitu cha pop, kikipendwa tutakurekodia hizo tisa zako. Akameza mate, akaingia studio. Kikapendwa kupita kiasi.

Sasa mnajua kwa nini alikuwa akitoka jasho.

Mkurugenzi wa kampuni, ambaye wote pale humwita Madamu, hakupandisha sauti. Alimkaribisha ofisini, akafunga mlango wa kioo, akamwonyesha kiti. Kiti kile kilikuwa kifupi kuliko cha kwake, na Mtaalamu alikuwa ameshazoea kumtazama akiwa chini.

Alimweleza mambo mawili. La kwanza, kuna gazeti limeandika kwamba ngo-ngo-ngo haikupigwa na binadamu, kwamba ni kompyuta, na watangazaji wa redio wameanza kulifanyia utani. La pili, kesho waandishi watarudi, Mtaalamu atapiga kama inavyotakiwa, kisha palepale mbele ya kamera atatia saini karatasi mbili. Karatasi moja inasema yeye ndiye mtunzi pekee wa kipande kile. Nyingine ni ya albamu yake ya jazi: nyimbo zote tisa, wiki tatu za studio, piano kubwa, na wapigaji atakaowachagua mwenyewe.

"Na mkono ukikataa tena?" Mtaalamu aliuliza.

"Sikuombi utunge," Madamu alisema. "Nakuomba urudie kitu chako mwenyewe. Hilo nalo gumu?"

Lilikuwa gumu, na kumweleza Madamu kwa nini ni gumu ilikuwa kazi bure. Watu wa jazi wana ugonjwa wao. Ukimpa mmoja wao wimbo leo na ukamrudia kesho, atakupa mwingine, na atakuona mshamba ukilalamika. Mtaalamu alikuwa na ugonjwa huo kuliko wote. Hajawahi kurudia, na hajawahi kujisikiliza. Kilichopigwa kimekwisha, ndivyo alivyofundishwa. Hata ngo-ngo-ngo yenyewe, ilipotokea redioni alikuwa akizima kwa haya. Alikuwa ameisikia kwenye simu za watu wengine tu, barabarani, imeshachanganywa na ngoma na makofi.

Alitoka ofisini amekasirika, na hasira zake zote zilikuwa juu ya mikono yake mwenyewe. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha mitambo.

"Nifungulie ile ya siku ya kwanza," alimwambia Injinia. "Nzima. Kabla hujaikatakata. Nataka nijifunze mwenyewe kama mwanafunzi."

Injinia alimwonya kwamba ni saa tatu na dakika zake. Lakini kipande chenyewe kiko mwanzoni kabisa, alisema, dakika ya sita, pale ulipokuwa unapasha vidole. Akamvalisha vipokea sauti vya masikioni, akabonyeza.

Kwanza mlango ulifunguka. Kisha hatua, nzito, si za haraka. Kisha mfuko uliotuliwa sakafuni, na ndani ya mfuko chuma kikagonga chuma.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kisha kimya. Sauti iliachwa ife yenyewe, mpaka mwisho wake, bila mtu kuiharakisha. Halafu zile mbili pamoja. Kimya tena. Halafu ya chini na mwenzake wa juu. Mtaalamu aliona vinyweleo vya mikono vikimsimama, kwa sababu kusubiri kule hakukuwa kwake. Yeye hajawahi kusubiri sauti ife maishani mwake.

Kisha ukasikika mlio wa spana ikivishwa kwenye kichwa cha chuma, na mkwaruzo mdogo wa kitu kinachozungushwa. Ngo-ngo-ngo ikarudi, juu kidogo kuliko ya kwanza.

"Hiyo ya pili ndiyo niliyoichukua," Injinia alisema kwa fahari. "Niliipenda ilivyokuwa juu kidogo. Ina ung'avu."

Mtaalamu alivua vile vya masikioni, akavilaza mezani.

"Imekwenda juu kwa sababu kuna mtu anakaza uzi," alisema. "Huyo ni fundi piano. Ni baba mkwe wangu."

Ilibidi waikumbuke siku ile pamoja, kila mmoja na kipande chake. Asubuhi hiyo kibonyezo kimoja cha katikati kilikuwa kinanata, na uzi wake umelegea. Mtaalamu alimpigia simu baba mkwe wake, ambaye amekuwa akirekebisha piano tangu kabla mkwe huyu hajajua piano ina nyuzi, akamwachia mlango wazi, akashuka kununua maji. Injinia kwa upande wake alikuwa amevuta pazia la kioo, kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa likipiga kwenye skrini zake. Hakuona mtu. Alisikia piano, akajua ni mpiga piano. Mzee alimaliza kazi yake, akapita mlango wa nyuma kama kawaida yake, maana alikuwa na piano nyingine ya shule inamngoja. Mtaalamu akarudi na chupa yake ya maji, akakaa, akapiga kwa saa tatu.

Kila fundi piano ana namna yake ya kupima. Mzee huyu hugonga kibonyezo kibovu mara tatu, anasubiri, anakilinganisha na jirani yake, anasubiri, kisha anagonga sauti ya chini na mwenzake wa juu. Nusu ya nchi ilikuwa inacheza ngoma ya mtu anayepima piano.

"Katika zile saa tatu zangu," Mtaalamu aliuliza polepole, "umechukua nini?"

Injinia alikuna kidevu. Alitazama skrini, akatazama viatu vyake.

"Kuna mahali ulivuta kiti," alisema. "Ule mlio nimeuweka nyuma ya ngoma."

Nisimcheke, jamani, na ninyi msimcheke. Mtu amejinyima miaka, ameingia kwenye muziki ambao moyoni haupendi, ametembea miezi mitatu akijiambia kwamba angalau hata huku kwenye pop mkono wake umekubalika, halafu anaambiwa kwamba kilichokubalika ni kiti. Alitaka kupiga meza. Alitaka kulia. Hakufanya lolote kati ya hayo, alibaki anaitazama ile mistari ya sauti kwenye skrini.

Injinia ndiye aliyeanza kutengeneza mambo. Alisema kupima si kutunga. Fundi akigonga msumari ukutani, nyumba haiwi yake. Kipande amekikata yeye, amekipanga yeye, na jina ni la Mtaalamu, basi. Wanaojua ni wawili tu, na wote wawili wako hapa wameketi. Mtaalamu alimuuliza kesho atapiga nini mbele ya kamera. Injinia alimpiga bega.

"Hilo niachie mimi," alisema. "Wewe nenda kapumzike."

Mtaalamu alimwachia. Kumbukeni hilo, kwa sababu yeye mwenyewe atalikumbuka sana.

Hakwenda kupumzika. Alikwenda kwa mkewe.

Mke wa Mtaalamu anakata vioo kwenye duka la miwani. Anakaa nyuma, amevaa koti jeupe, mbele ya mashine ndogo inayomwaga maji juu ya kioo kinaponolewa, na siku nzima anapima vitu ambavyo wewe na mimi hatuvioni. Ni mwanamke wa maneno machache tangu zamani. Lakini kwa miezi mitatu hii maneno yake yalikuwa yamepungua mpaka yakabaki ya kazi: chakula kipo, mlango umefungwa, nimechoka. Mtaalamu alidhani ni kwa sababu ya wale wasichana wanaomsimamisha barabarani kupiga naye picha. Kwa siri, alikuwa amejisikia vizuri kidogo kwa kuonewa wivu.

Alimkuta ameshika fremu, anajaribu kuingiza kioo. Akamwambia yote kwa mkupuo, akiwa amesimama kati ya maboksi mawili ya fremu: kwamba ngo-ngo-ngo si yake, ni ya Baba, kwamba amegundua leo, saa mbili tu zilizopita.

Mkewe aliiweka fremu chini. Alizima mashine. Maji yaliacha kutiririka.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu nakaa na wewe meza moja, nasubiri useme."

Alikuwa anajua. Alijua tangu mara ya kwanza wimbo ulipopigwa redioni, hata kabla ya ngoma kuingia. Amekua na mlio ule. Utotoni alikuwa akifanya hesabu zake za shule chumba cha pili huku baba yake akipima, na alijua kwamba ile ya chini na ya juu ikishalingana, Baba atanawa mikono na watakula. Aliposikia mlio uleule ukiitwa utunzi wa mume wake, alijua moja kwa moja kwamba mume wake amemwibia baba yake.

"Sikujua," Mtaalamu alisema.

"Wewe?"

"Sikujua, mke wangu. Naapa."

"Wewe unayesikia uzi mmoja umelegea kwenye piano ya jirani, kuta mbili katikati, hukujua kama mkono ni wako au si wako?"

Ukweli ulikuwa unatia aibu kuliko uwongo. Mwizi angalau anajua alichokichukua. Mkewe alisema hajui lipi baya zaidi, na Mtaalamu alijua anasema kweli, kwa sababu hata yeye hakujua.

Kisha mkewe akamwambia jambo la pili, ambalo ndilo lililomkata maini. Baba yake naye amesikia. Alisikia wiki ya kwanza, kwa kinyozi, nusu kichwa kikiwa kimeshanyolewa, akamwambia kinyozi asimamishe mashine. Halafu akampigia binti yake simu. Hakukasirika hata kidogo. Alikuwa anacheka. Alisema mkwe wake amemfanyia heshima ambayo watoto wa kuzaa hawamfanyii baba yao, amechukua mlio wa kazi yake akauweka mbele ya nyimbo zote, watu wote wausikie.

"Anawaambia watu," mkewe alisema. "Mafundi wenzake, majirani. Anadhani ulifanya makusudi kwa ajili yake. Kila Jumapili anangoja umtajie, wewe unakula unaondoka."

Mtaalamu alikaa juu ya boksi la fremu, na boksi likabonyea.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi kama kioo alichokuwa anakikata mkewe. Kesho akitia saini kwamba yeye ndiye mtunzi pekee, amemwibia mzee kweli, safari hii kwa kujua. Asipotia saini, nyimbo tisa zinarudi kwenye sanduku, na kwa umri wake hazitatoka tena. Na akimwambia mzee ukweli wote, kwamba haikuwa heshima, ilikuwa ajali, kwamba mkwe wake hakumfikiria hata dakika moja siku ile, mzee atajua kwamba amejisifu kwa watu miezi mitatu kwa kitu ambacho hakikuwepo.

"Tutakwenda kwake," mkewe alisema. "Utamwambia. Utakachomwambia ni juu yako, lakini utamwambia wewe."

Angekwenda saa ileile, pengine gazeti hili lingekosa cha kuandika leo. Lakini mkewe alikuwa na miwani sita za kumaliza kabla ya kufunga, na Mtaalamu hakutaka kwenda peke yake. Alisema atamsubiri. Alikaa kwenye kiti cha wateja karibu saa tatu, akitazama ubao wa herufi kubwa na ndogo, akipanga maneno na kuyapangua. Alijiambia anamsubiri mkewe. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa.

Walifika kwa mzee saa kumi jioni.

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye piano tano zilizovuliwa mbao za mbele, vinyundo vyao vya ndani viko wazi, na harufu ya gundi haitoki hata ukifungua madirisha yote. Mzee alikuwa amekaa katikati, miguu peku, anachana sufi ya kinyundo kwa sindano. Alipowaona aliinuka kwa furaha ambayo Mtaalamu hakuitegemea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Marahaba. Karibu, kaa. Wewe mwanangu, mpishe mumeo hapo."

Mtaalamu hakukaa. Alikuwa ameyabeba maneno yake njia nzima na aliogopa akikaa yatamwagika. Alifungua mdomo, akaanza kusema kwamba kuna jambo amekuja kumweleza Baba, jambo la ule wimbo.

Mzee aliinua mkono. Alikuwa anatabasamu mpaka macho yamepotea.

"Usijisumbue," alisema. "Mjumbe wako ameshafika. Nimekubali."

Mtaalamu aliuliza mjumbe gani.

"Huyu bwana wa mitambo, mwenye kitambi. Ametoka hapa si muda mrefu. Kanieleza kila kitu kwa adabu kabisa. Kwamba kesho unanihitaji, kwamba mikono yako imechoka, kwa hiyo mimi nitakaa nyuma ya pazia na piano moja, wewe utakaa mbele na nyingine isiyolia, na watu watasikia mlio wenyewe." Mzee alicheka. "Nimemwambia mimi kuonekana sitaki. Suruali zangu zote zina gundi. Mkwe wangu akionekana, nimeonekana mimi."

Mtaalamu alianza kumkatiza, mzee akamwashiria angoje.

"Na karatasi yako nimeshaitia saini," mzee aliendelea. "Nakala hiyo hapo, juu ya piano."

Mkewe aliwahi kabla yake. Aliichukua, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaisoma bila haraka, kama anavyosoma vipimo vya macho ya watu. Kisha akaisoma tena kwa sauti, lakini si yote, sehemu ya katikati tu. Ilisema kwamba mtia saini hajawahi kupiga wala kutunga sehemu yoyote ya wimbo huo. Kwamba hatadai lolote, yeye wala warithi wake. Na kwamba maelezo haya ameyatoa kwa hiari, kwa ombi la mkwe wake. Jina kamili la Mtaalamu lilikuwa limepigwa chapa chini, na tarehe ya leo.

"Sikuisoma sana," mzee alisema. "Miwani ninayo, lakini ya nini? Kitu kinatoka kwa mkwe wangu nikikague kama kinatoka kwa mwizi? Lakini imesema vizuri, siyo?"

Hasira juu ya Injinia ilimpanda Mtaalamu mpaka kichwani, kisha ikashuka ikamgeukia mwenyewe. Niachie mimi. Yeye alimwachia. Alikaa saa tatu kwenye kiti cha wateja anasoma herufi ukutani, na Injinia akazitumia saa hizohizo kuchapa karatasi na kuja kuketi hapa kwa adabu kabisa.

Mkewe alikunja karatasi mara mbili. Alikuwa amemwangalia mumewe kwa namna nyingi katika miaka ya ndoa yao, lakini hakuwahi kumwangalia namna hii, mbele ya baba yake.

"Mchana uliniambia umegundua leo," alisema. "Nikakuamini. Ulikuja kwangu kabla ya kumtuma huyu mtu, au baada?"

Mzee aliwatazama, mmoja kisha mwingine. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini halikuwa na uhakika tena.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mkwe wangu, si wewe uliyemtuma?"

Sasa mtazameni mtu wetu alivyobanwa. Akisema hakumtuma, mzee atauliza kwa nini, na uzi huo ukivutwa utatoka wote: hakuna heshima, hakuna mkwe aliyemkumbuka, kuna pazia la kioo na chupa ya maji. Akisema alimtuma, mke wake atajua kwamba aliyelala naye miaka yote hii ni mwizi tena mwongo, na ataondoka na jibu hilo. Muda wote mzee alikuwa anamtazama usoni, ameshika kinyundo cha piano mkononi, anangoja aambiwe kwamba mambo ni sawa.

"Ni mimi, Baba," Mtaalamu alisema. "Nilimtuma mimi."

Mzee alishusha pumzi. Uso wake ukafunguka tena wote, akacheka kwa kutetemeka kidogo, akasema alishaanza kuogopa, na kwamba lazima atafute ile spana yake ndogo ya kesho. Akainama nyuma ya piano ya mwisho kuitafuta, akijisemesha.

Mtaalamu alibaki amesimama. Alijiambia kwamba amesema vile kwa ajili ya mzee. Lakini palepale lilimjia wazo lingine, hakuliita, lilikuja lenyewe: kwamba sasa karatasi iko salama, kesho piano italia vizuri, na nyimbo tisa zitarekodiwa. Kila alichokitaka kwa miaka kumi na moja kilikuwa mkononi. Alijaribu kukumbuka ni kipi kati ya hivyo viwili kilichoutoa ule uwongo mdomoni mwake, na hakuweza.

Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni. Karatasi aliitia kwenye mkoba wake, akaufunga zipu mpaka mwisho. Alizungumza chini kabisa, baba yake asisikie.

"Kesho saa nne nitakuwepo," alisema. "Baba atakapomaliza kupiga, nitalifungua hilo pazia mimi mwenyewe. Wewe una usiku mmoja wa kuamua utakuwa umekaa upande gani."